Daktari yuko wapi? Fasihi yetu ya UKIMWI ikisomwa kutoka Ilemela

Maandishi bora niliyowahi kusoma kuhusu kazi ya daktari wa UKIMWI katika kanda hii ya ziwa si riwaya, si tamthiliya, wala si diwani. Ni ripoti ya utafiti iliyotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 1995. Ina kurasa saba, imejaa majedwali, na lugha yake ni kavu kama dagaa wa siku tatu juani. Najua kusema hivyo kwenye blogu ya fasihi ni kujitafutia maneno. Ngoja nieleze kwanza, halafu mtanihukumu.

Mimi nafundisha Kiswahili, masomo ya ziada ya jioni, hapa Ilemela. Kwa miaka kadhaa nimepitia na vijana wa kidato cha tatu na cha nne zile tamthiliya mbili ambazo vizazi vya wanafunzi wa Tanzania wamezibeba mpaka chumba cha mtihani: Kilio Chetu na Orodha. Nazijua ndani nje. Na kadiri ninavyozirudia ndivyo swali moja linavyozidi kunikera. Tuna fasihi nzima ya UKIMWI, mgonjwa yumo, mzazi yumo, shehe na padri wamo, wambeya wa kijiji wamejaa tele. Daktari yuko wapi? Sisemi yule anayeingia dakika moja, anatoa majibu, watu wanalia, anatoka. Namsema yule aliyeamka kesho yake akarudi kazini, na kesho kutwa tena, kwa miaka 30.

Tuanze na Kilio Chetu, kwa sababu ina jambo la ajabu ambalo hatulizungumzii. Tazama jalada lake. Hakuna jina la mtu. Mwandishi ni Medical Aid Foundation. Yaani tamthiliya iliyosomwa kuliko nyingi katika nchi hii iliandikwa kwa jina la taasisi ya mambo ya tiba, katikati ya miaka ya 1990, wakati hospitali hazikuwa na cha kumpa mgonjwa zaidi ya kutibu nyemelezi moja baada ya nyingine na kumpa pole. Humo ndani wazazi wanabishana kama watoto waambiwe habari za kujamiiana au wafichwe. Wanafichwa. Anna anapata mimba, Joti anaangamia kwa ugonjwa. Hoja ya kitabu iko wazi kama mchana: kilichowaua watoto ni kimya cha wazee.

Kwa wakati wake, hoja hiyo ilikuwa ya kijasiri. Mtu aliyekua miaka ile anakumbuka jinsi ugonjwa ulivyokuwa unazungukwa kwa maneno. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa tu hapo, na watu wakauita Juliana, jina la nguo za magendo. Baadaye mtaani ukaitwa ngoma, ukaitwa umeme, mtu akawa "amekanyaga miwaya". Wakora wakachukua herufi za Kiingereza AIDS wakazitungia maana yao: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Kucheka huko kulikuwa ni namna ya kutosema. Kwa hiyo kitabu kilichosema "semeni na watoto wenu" kilikuwa na kazi ya kufanya, na kiliifanya.

Lakini sasa angalia kilichotokea kwa daktari. Ameandika kitabu, kisha akajitoa ndani yake. Amebaki jina la taasisi juu ya jalada. Sauti yake imekuwa sauti ya onyo inayotoka juu, haina jasho, haina zamu ya usiku, haina siku ambayo glovu zimeisha. Nadhani hapo ndipo fasihi yetu ya UKIMWI ilipochukua sura ambayo haijaiacha mpaka leo: tabibu ni kengele, halafu kengele ikishalia kazi yake imekwisha.

Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa 2006, ni kazi ya ustadi zaidi jukwaani. Inaanza na msiba wa Furaha. Marehemu ameacha barua yenye orodha, na wanaume wa kijiji, wenye heshima zao, wanatetemeka wakidhani majina yao yamo. Kumbe orodha si ya majina. Ni ya mambo ambayo kama yangekuwepo yangemwokoa. Ni mbinu nzuri, na vijana darasani huwa wanakaa kimya kabisa tunapofika pale. Mtazamaji aliyekuwa anasubiri kashfa anageuziwa kibao.

Hata hivyo, orodha ya Furaha ni ya sifa za moyo. Uaminifu, mapenzi, uwazi, kusameheana. Haina kipimo, haina dawa, haina zahanati. Mwishoni mwa 2004 serikali ilikuwa imeanza mpango wa kutoa dawa za kufubaza VVU bure katika vituo vya umma, kwa hiyo tamthiliya ilitoka wakati mambo ndiyo kwanza yanabadilika. Simlaumu mwandishi kwa hilo. Ninalolisema ni la sisi tunaofundisha: kitabu kimebaki palepale, dunia imesogea, na tumeendelea kuwauliza vijana "fafanua dhamira 3" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku moja tukiwa katikati ya kipindi, kijana wa kidato cha nne aliinua mkono. Si mtu wa kuuliza maswali.

"Mwalimu, samahani. Sasa huyu Furaha hakuanzishiwa dawa?"

Nikamwambia wakati ule dawa zilikuwa hazijaenea.

"Sawa mwalimu. Lakini kila kitabu anakufa. Mama mdogo wangu anakunywa dawa tangu mimi niko darasa la kwanza. Yuko Mwaloni anauza dagaa. Yeye tunamwandikia dhamira gani?"

Darasa likacheka kidogo, kisha likaacha. Maana kila mmoja pale ana mama mdogo, au baba mkubwa, au yeye mwenyewe. Katika chumba cha watoto 40 mwalimu hajui ni nani anayemeza kidonge usiku kabla ya kulala, na si kazi yake kujua. Kazi yake ni kujua kwamba yupo. Na kila tunaposoma kwa sauti kwamba aliyeambukizwa lazima afe ili wengine wajifunze, kuna mtu darasani anasomewa hukumu. Hilo ndilo lililonitoa kwenye dhamira na mafunzo, nikaanza kuwatafuta madaktari kwenye maandishi yao wenyewe.

Ndiyo nikafika kwenye ile ripoti ya 1995.

Kwa faida ya wasioijua: kati ya 1991 na 1994, katika Mkoa wa Mwanza wa wakati ule, timu ya AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na chuo cha usafi na tiba za kitropiki cha London ilijaribu wazo moja rahisi. Kama magonjwa mengine ya zinaa yanamfungulia VVU mlango, je, tukiyatibu vizuri maambukizi ya VVU yatapungua? Walichukua jamii 12, wakazipanga jozijozi kulingana na mazingira: za visiwani, za ufukweni, za kando ya barabara, za ndani vijijini. Kwa kura, 6 zikapata huduma iliyoboreshwa na 6 zikaendelea na huduma za kawaida. Waliojitokeza mwanzo walikuwa watu wazima 12,537. Baada ya miaka 2, upande ulioboreshwa maambukizi mapya yalikuwa 48 kati ya watu 4,149, sawa na asilimia 1.2. Upande wa pili yalikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Ukishafanya hesabu zao, ni punguzo la karibu asilimia 40. Dunia ya tiba ilishtuka. Mwanza ikawa jina linalotajwa kwenye mikutano kila kona.

Sasa isome kama msomaji wa fasihi. Huduma yenyewe "iliyoboreshwa" ilikuwa nini? Hapakuwa na mashine ya ajabu. Ni kuwafundisha upya matabibu na wauguzi wa zahanati zilezile za serikali, kuhakikisha dawa hazikatiki, kuwatembelea mara kwa mara kuona wanaendeleaje, kuwa na kliniki moja ya rufaa, na kwenda vijijini kuwaambia watu waje mapema wakiona dalili. Basi. Huyu ndiye daktari niliyekuwa namtafuta. Shujaa wa hadithi hii ni mtu anayehakikisha boksi la dawa limefika kisiwani kabla lililopo halijaisha. Ni kazi ya kurudiarudia, na fasihi yetu haijui kuandika marudio. Inajua kuandika kishindo: majibu, kilio, jeneza.

Tazama pia orodha ya waandishi. Anaongoza Heiner Grosskurth, daktari Mjerumani ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti cha MRC huko Entebbe, Uganda, kwa hiyo maisha yake ya kazi yamezunguka ziwa hili hili. Lakini nyuma yake wamo Mosha, Mwijarubi, Senkoro, Changalucha, ka-Gina, Mugeye. Ukiwa mtu wa huku ukaona majina hayo kwenye The Lancet ya 1995, unapata hisia fulani. Hao ndio waliojua njia, lugha, mwenyekiti wa kijiji yupi azungumzwe naye kwanza. Riwaya ya maisha ya mmoja wao iko wapi? Tumeandika riwaya ngapi za majambazi wa Dar es Salaam, na hakuna hata moja ya hao?

Nisiisifu ripoti kupita kiasi. Kama andiko ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo iko kwenye sarufi. Kila kitu kimetendwa: damu ilichukuliwa, dawa zilisambazwa, watu walitembelewa. Mtendaji hayupo. Kauli ya kutendwa ndiyo inayowaficha madaktari kwenye sayansi, kama vile jina la taasisi lilivyowaficha kwenye Kilio Chetu. Halafu kuna namba moja inayonisumbua kuliko zote. Kati ya wale 12,537, waliopatikana baada ya miaka 2 walikuwa 8,845. Ni asilimia 71, na kwa utafiti wa vijijini hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini 3,692 hawakuonekana. Walihama kambi, walifuata samaki, waliolewa kwingine, walifariki, au walimwona mgeni mwenye daftari wakapitia mlango wa nyuma. Ripoti inawaweka kwenye mabano na kusonga mbele, na kwa kanuni zake iko sahihi. Kwa mwandishi wa hadithi, hao 3,692 ndio kitabu chenyewe.

Na kuna wale 82. Walikuwa upande ambao kura iliuangukia vibaya. Hakuna aliyewanyima huduma iliyokuwapo; walipata ileile ya kila siku, na bila upande wa kulinganisha tusingejua lolote. Kimantiki nakubali. Lakini ni nani aliyekaa usiku na mantiki hiyo? Daktari anayejua kilomita chache mbele kuna jamii ambayo zamu yake haijafika analala vipi? Tamthiliya nzuri ingeanzia hapo, na haingehitaji mtu mbaya hata mmoja.

Kilichofuata kinanivutia zaidi kuliko ushindi wenyewe. Mwaka 1999, ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, utafiti mwingine ulitoa majibu yake. Wao waliwapa dawa watu wote kijijini kila baada ya miezi kadhaa, wenye dalili na wasio na dalili. VVU havikupungua. Masaka nako, matokeo ya 2003 hayakuonyesha tofauti. Hapa Mwanza na maeneo jirani, wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni walipewa dawa ya kuzuia malengelenge ya sehemu za siri. Majibu yalitoka 2008, hakuna tofauti. Grosskurth na wenzake walikaa chini mwaka 2000 wakaandika tena, wakijaribu kuelewa kwa nini Mwanza ilisema hivi na Rakai ikasema vile: pengine ni hatua ya mlipuko, pengine ni aina ya magonjwa ya zinaa yaliyokuwepo, pengine ni tofauti ya kumtibu anayeumwa leo na kumtibu kila mtu kwa ratiba. Ukiyapanga maandishi haya kwa miaka unapata tawasifu ya kazi ambayo sehemu yake kubwa ni neno moja: hakuna tofauti. Na mtu analiandika, anaweka jina lake, anarudi kazini. Ni ujasiri ambao sisi watu wa fasihi hatuna desturi nao.

Nasema hivyo kwa sababu kuna utafiti mmoja unaotugusa sisi moja kwa moja. Kuanzia 1999, katika jamii 20 za Mkoa wa Mwanza, mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana ulijaribu kwa vitendo ile hoja ya Kilio Chetu. Watoto wa shule za msingi walifundishwa habari za uzazi na VVU na walimu wao, waelimishaji rika wakaigiza vichekesho na michezo mifupi mbele ya wenzao, wahudumu wa zahanati wakafundishwa kumpokea kijana bila kumsuta. Yaani kimya kilivunjwa, na sanaa ya maonyesho ikatumika kukivunja. Vijana waliofuatiliwa walikuwa 9,645. Matokeo yalipochapishwa 2007, yalionyesha kwamba ujuzi wao uliongezeka na misimamo waliyoieleza ilibadilika kuwa bora. Lakini damu haikuonyesha tofauti ya kueleweka katika maambukizi.

Soma tena sentensi hiyo ukiwa mwalimu wa fasihi. Walijua. Bado wakaambukizwa. Huo ni uhakiki mzito kuliko wowote niliowahi kuusoma kuhusu tamthiliya za mafunzo, na haukuandikwa na mhakiki. Simaanishi kwamba kuelimisha ni bure. Asiyejua kabisa hawezi hata kuanza. Ninamaanisha kwamba umaskini, umri wa mwenzi, zawadi anayopewa binti na kile anachotarajiwa kukitoa, rafu za maisha ya kambini, hayo yote hayatikiswi na kuambiwa. Madaktari walipima hoja yao, ikapungua uzito, wakasema hadharani. Sisi hoja ileile bado tunaitungia maswali ya alama 15.

Kuna mtu mmoja aliyeishi pande zote mbili, na ni wa ziwa hili hili, upande wa Kenya. Margaret Ogola, aliyezaliwa 1958, alikuwa daktari wa watoto. Alikuwa mkurugenzi wa tiba katika kituo cha Cottolengo, Nairobi, kinacholea yatima wenye VVU. Na mwaka 1994 alitoa The River and the Source, riwaya ya vizazi vinne vya wanawake wa Kijaluo, ambayo vijana wa Kenya nao wameisoma shuleni mpaka kurasa zikachanika. Humo Becky, mzuri wa sura, anayejipenda, anakufa kwa UKIMWI.

Nilipomfikia Becky mara ya kwanza nilikunja uso. Hata wewe daktari? Wewe uliyewabeba watoto wale mikononi, nawe unamfanya mgonjwa kuwa fundisho kwa wanaojiona? Na lawama hiyo sijaiondoa yote. Becky anatendewa kwa ukali ambao ndugu zake hawatendewi. Lakini soma kinachofuata. Watoto wa Becky wanachukuliwa na Aoro na mkewe Wandia, nao wote wawili ni madaktari. Katika riwaya ya 1994, kabla ya dawa kufika kwa watu wa kawaida, Ogola hakuwa na uponyaji wa kumpa mhusika wake bila kudanganya. Akampa kile ambacho daktari wa wakati ule alikuwa nacho: nafasi nyumbani kwake. Tabibu hatoi majibu na kuondoka. Anaongeza sahani mezani. Na mwaka 2002 Ogola akawafuata watoto hao katika I Swear by Apollo, kitabu ambacho jina lake limetoka kwenye kiapo cha madaktari. Kwa hiyo kwake yeye hadithi haikuisha kwenye jeneza. Iliendelea kitabu kizima mbele.

Mwaka huohuo wa 1994, mbali huko Marekani, Abraham Verghese, daktari mzaliwa wa Addis Ababa, alitoa My Own Country, kumbukumbu zake za kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI katika mji mdogo wa Tennessee miaka ya 1980. Namtaja kwa jambo moja tu. Verghese anajiruhusu kuchoka. Ndoa yake inayumba, wagonjwa wanamwandama usingizini, mwisho anaondoka mjini. Wenye kuandika habari za madaktari wetu, kwenye magazeti na hotuba za kuagana kazini, hawamruhusu daktari achoke. Anaitwa mzalendo, anapewa cheti na kitenge, picha inapigwa. Hakuna anayemuuliza ni mgonjwa yupi anamkumbuka akiwa peke yake.

Haki itendeke, kwa Kiswahili nako William Mkufya alituonyesha mwaka 2004, katika Ua la Faraja, kwamba UKIMWI unaweza kubebwa na riwaya ndefu yenye tafakuri, badala ya onyo la kurasa 50. Njia ilikwishafunguliwa. Waliopita humo ni wachache.

Sasa mimi ningependa kusoma nini? Nitasema, na ambaye ana kalamu achukue.

Ningependa riwaya inayoanzia Mwaloni Kirumba alfajiri, boti zinashusha, wanunuzi wa kwenda Rwanda na Kongo wanapiga bei. Humo kuna jambo ambalo kila mtu wa huku analijua na sijaliona kwenye kitabu: mvuvi wa dagaa anaishi kwa mwezi wa angani. Anavua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa anapumzika, anarudi kwa watu wake. Kadi ya kliniki inaishi kwa mwezi wa kalenda. Tarehe ya kuchukua dawa inaangukia katikati ya giza, wakati yeye yuko kisiwani na ndiyo siku za pesa. Anachelewa. Kwenye rejista anaandikwa amekosa. Muuguzi akimpigia, simu haipatikani. Ni nani mkorofi hapo? Hakuna. Kuna kalenda mbili zisizosalimiana, na katikati yake kuna tabibu wa zahanati anayejua zote mbili, anayepiga hesabu ampe za miezi mingapi ili amwahi. Hiyo ni tanzia na vichekesho kwa pamoja, na haihitaji mtu yeyote afe.

Na uhatari wake ni wa kweli. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya VVU Afrika Mashariki yote ilitikisika, na watu wanaomeza dawa kila siku walianza kuhesabu vidonge vilivyobaki kwenye kopo. Ghafla kila mtu akaona kile ripoti ya 1995 ilichokuwa imekisema kwa lugha yake kavu: uhai wa watu unakaa kwenye mnyororo wa kazi ndogondogo, na mnyororo huo una wenye nao. Fasihi yetu ilikutwa haina hata ukurasa mmoja wa kutusaidia kuiona hofu hiyo. Ilikuwa bado inatuonya kuhusu wanaume wenye magari.

Kwa hiyo nina kipimo changu siku hizi. Nikipewa kitabu chochote cha UKIMWI, kipya au cha zamani, naenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaofuata baada ya mhusika kupewa majibu. Kama ni msiba, nakiheshimu kwa wakati wake. Kama kuna benchi, foleni, kadi, mtu anaitwa kwa namba na mwingine anamfahamu kwa jina, naketi nakisoma.

Darasani Orodha tunaisoma bado, maana mtihani haungoji falsafa zangu. Ila nimeongeza zoezi. Baada ya barua ya Furaha, kila mmoja anaandika onyesho moja linalotokea leo, kwenye zahanati anayoijua, na lazima mhudumu wa afya awe na angalau kauli 10. Wengi mwanzoni walimfanya mhudumu ahubiri. Safari hii ya mwisho, yule kijana wa mama mdogo alileta ukurasa mmoja na nusu. Muuguzi anahesabu vidonge, boti inapiga honi nje, mgonjwa anasema, "Dada, niwahishe, upepo unageuka." Muuguzi anamjibu bila kuinua kichwa, "Upepo hauwezi kugeuka kabla sijafika 90." Nilimpa alama 14 kati ya 15. Ile moja nilikata kwa sababu ya tahajia.